Hervé Sumaili, Fundi Aliyefungua Injini Iliyokuwa Inatembea

Ndugu, jamaa na majirani, poleni, na asanteni kwa kufika. Huyu tunayemsindikiza, Hervé Sumaili, alizaliwa Lusangi, territoire ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bulaimu na mama Louise.

Alisoma shule ya msingi Lusangi, kisha akaja Kasongo kusoma ufundi. Aliacha mwaka 1993 kwa sababu, alisema, walimu walikuwa na vitabu vya injini lakini injini yenyewe hawakuwa nayo.

Mwaka 1998 alifungua garage yake karibu na soko. Pikipiki aliyoitengeneza hakuirudisha kabla hajaifungua tena aone kama imepona kweli. Wenyewe walilalamika weee! Yeye akacheka tu: "Mulio ya injini inadanganyaka."

Tarehe 4 Agosti 2001 alifunga ndoa na Marie-Louise Feza, kucha zikiwa bado na mafuta ya injini. Mungu akawapa watoto watatu.

Mwaka 2017 bandama ilimvimba hadi mkanda ukakataa kufunga. Huko Bukavu daktari alimwambia ana saratani ya damu. Akamweleza kwamba ndani ya seli kuna protini zinazoitwa kinaze. Zinapokezana amri ya kukua, kisha zinajizima. Yake moja iliharibika, ikawa inaamuru bila kupumzika, na seli za damu zikazaliana ovyo. Hervé akamkatiza: "Docteur, nimeelewa. Kabo ya gaz imekwama, injini inazidi kukimbia yenyewe." Daktari akacheka, akampa vidonge vya kuibana kinaze hiyo: kila siku, bila kuacha.

Miaka minne alikuwa mzima kabisa. Halafu, Juni 2021, aliacha vidonge kimyakimya, aone kama amepona. Miezi ikapita, bandama ikavimba tena. Alipovirudia, kinaze ilikuwa imebadilika umbo, na vidonge havikuishika tena. Dawa nyingine tuliitafuta, hatukuipata. Tuseme ukweli, tulimkasirikia sana. Marie-Louise alimgombeza huku analia, naye akajibu tu, "Nilikosa, mama Esther."

Lakini hakuificha aibu yake. Aliposikia kwamba Cécilia wa Kabambare, mwenye ugonjwa uleule, naye anataka kuacha vidonge kwa kuwa amepata nguvu, alijifunga kitenge tumboni, akapanda nyuma ya pikipiki, akaenda. "Angalia hii tumbo," akamwambia. "Miye nilifungua injini yenye ilikuwa inatembea. Weye usifungue."

Alifariki nyumbani, hapa Kasongo, asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mama yake Louise, mjane wake Marie-Louise, na watoto wao Esther-Divine, Raphaël na Abdoul. Cécilia naye yuko hapa, ameketi na wafiwa. Leo asubuhi, kabla jeneza halijatoka, Marie-Louise alimletea maji, akasimama mbele yake mpaka Cécilia akameza kidonge chake.

Fundi wetu apumzike kwa amani. Injini ya Cécilia ingali inatembea.