Rubani Aliyeheshimu Barafu: Meja Mstaafu Mathew Rafaeli Shemhilu (1968–2025)

Marehemu Mathew alizaliwa Maramba tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Rafaeli na mama Consolata. Alisoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari mjini Tanga. Mwaka 1988 alijiunga na jeshi, akafuzu urubani wa helikopta.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Benedikta wa Muheza, wakaweka makazi Chumbageni. Barafu za ukwaju za Benedikta, nani hapa hajazinunua? Friji ikijaa barafu, Benedikta alishika kisu kuibandua na marehemu akampokonya. "Mama Loveness, barafu haigombwi! Utaitoboa friji hiyo." Aliweka ndani sufuria ya maji ya moto, akavuta kiti, akangoja. Watoto wa mtaa wakamwita Meja Barafu, naye akicheka nao.

Hawakujua alikojifunza. Mwaka 2012, akilinda amani ng'ambo kwenye milima ya baridi kali, alitumwa kumchukua askari aliyeumia mguu: Saud, kijana wa Chumbageni hii hii. Helikopta yao haikuwa na mitambo ya kupasha joto mapanga yanayozunguka juu. Ndani ya wingu barafu ikashika mapanga, chombo kikatetemeka, nguvu zikapungua. Kushuka hakuwezekani, chini ni mlima. Akageuza, na wenzake watatu waliokuwa ndani wakarudi hai.

Kulipokucha mapanga yalikuwa yameganda tena uwanjani. Fundi mmoja akataka kuyagonga kwa rungu. Marehemu akakataa, maana panga likipata ufa hafiki mtu. Wakapuliza hewa ya moto, wakanyunyiza dawa ya kuyeyusha, wakangoja. Saud walimfikia adhuhuri. Kwa kuchelewa huko, mguu ukakatwa.

Jamani, jambo hilo lilimla! Tangu warudi hakukatiza mtaa wa akina Saud. Hata sokoni alizunguka njia ya mbali.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Februari mwaka huu Saud alibisha hodi, na fimbo yake.

"Shikamoo, Meja."

"Marahaba," marehemu akajibu, machozi yakimtoka.

"Nilisikia mlio wa helikopta yako ukija, kisha ukaondoka. Nilikulaani, wallahi, miaka yote hii."

"Ulikuwa na haki."

"Haki nilikuwa nayo. Lakini wale watatu nao wana mama zao. Nimechoka kulaani, Meja. Mwambie shemeji anipe barafu ya ukwaju."

Tangu hapo kila Ijumaa, akitoka kuswali, Saud alikuja kukaa naye. Siku ya mwisho, tarehe 9 Juni, hospitalini Tanga, marehemu alimwambia aende zake, mvua inakuja. Saud akasema, "Siendi popote." Alikuwa amemshika mkono alipokata roho.

Marehemu ameacha mjane, Benedikta, watoto wawili, Loveness na Bryson, wajukuu wawili, na, kwa agizo lake mwenyewe, mdogo wake Saud, aliyeketi hapo kando ya kaburi.

Pumzika kwa amani, Meja. Saud yupo, hajaondoka.