Mitungi Isiyo na Pa Kupumulia: Risala ya Wapiga Mbizi wa Nzoia kwa Mkuu wa Wilaya, Bumula, 2006

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Wahisani mliotuletea mitungi ya hewa. Machifu, wachungaji na wazazi. Na zaidi ya wote Mama Sellah na jamaa yake:

Sisi Wapiga Mbizi wa Nzoia tunakukaribisha Bumula. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tuna haja kubwa ya kupona. Tungekupokea kwa nyimbo, lakini Dinah, binti ya Mama Sellah, mwanafunzi wa darasa la saba, bado yumo ndani ya mto huu ulio nyuma ya hema lako. Daraja la miti lilivunjika Jumapili akitoka kanisani. Utuwie radhi, leo hatuimbi.

TULIKOTOKA

Tulianza kwa kulabu za chuma, kamba za katani na pumzi zetu wenyewe. Tuko watu wa Bungoma na wa Trans-Nzoia, wakulima na wenye vibanda, na hakuna anayetulipa. Mimi ninayewasomea sijui hata kuogelea. Kazi yangu ni kushika kamba.

Mila za huku unazijua, Mheshimiwa. Mwili usipopatikana, mazishi hayaanzi. Jamaa huwasha moto ukingoni na kukaa hapo mpaka mtu wao atoke. Wengine huchoka wakazika mgomba badala ya mtu, na hao hawatulii tena. Kila mvua ikinyesha wanarudi kuutazama mto.

TULIYOYAFANYA

Mwaka wa 2003 ofisi ya wilaya ilitukabidhi mitungi minne ya hewa na mashine ya kuijaza. Mashine iliwekwa katika karakana moja mjini Kitale, maana huko ndiko kulikokuwa na umeme wa kuiendesha. Tangu hapo tumewatoa watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna jamaa aliyetuita tukasema tuko shambani. Hilo tunalisema bila haya, kwa sababu hakuna mwingine atakayetusemea.

YALIYOTUPATA

Mheshimiwa, ubavuni mwa koki ya mtungi kuna nati ndogo. Ndani ya nati hiyo kuna kisahani cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu. Hewa ikizidi, kisahani hupasuka kwanza, hewa inatoka kwa kishindo, na mtungi unabaki mzima. Kisahani kile ndicho pa kupumulia pa mtungi. Siku tuliyopewa mitungi hakuna aliyetueleza hivyo. Tulipigwa picha, tukapewa soda.

Mjazaji wetu alikuwa Dancan Nderitu wa Kitale. Mara mbili kisahani kilipasuka akijaza, mtungi ukabaki mtupu, na huku chini wafiwa walikuwa wameketi kando ya moto wakitungoja. Mzee mmoja alitufokea, "Nyinyi mnacheza nini huko Kitale na mtoto wetu ako kwa maji?" Maneno yale yalituchoma. Tukakikasirikia kile kisahani kana kwamba ndicho kilichomzamisha mtu. Tukakaa kikao, tukakubaliana sote, na pale penye shaba tukatia kibati kilichokatwa kwenye jembe kuukuu. Dancan alicheka akasema, "Sasa hii haitatupigia kelele tena, bana."

Kweli haikupiga kelele. Mwaka jana, mwezi wa Februari, mtungi ulipasuka mbele yake ukabomoa na ukuta wa karakana. Tuliozoea kuwatoa watu wa siku tatu majini hatukuweza kumtazama mwenzetu. Tulimzika jeneza likiwa limefungwa, na mama yake aliomba lifunguliwe mpaka sauti ikamkauka.

Polisi walikuja wakauliza mtungi ni wa nani. Ofisi ikasema ni wa kikundi. Lakini siku ya kukabidhiwa, ofisi hiyo hiyo ilitwambia ni mali ya serikali, tusithubutu kuuza. Mwenye karakana akasema yeye alitoa chumba na umeme tu. Sisi tulikwenda kituoni kuandikisha kwamba kibati kile kilikuwa uamuzi wetu sote, tukaambiwa turudi nyumbani, faili haitaki watu wengi. Mpaka leo hakuna aliyeitwa kortini, hata kama shahidi.

Wacuka, mjane wa Dancan, ameketi pale mstari wa pili na watoto wake. Aliambiwa hana fidia kwa sababu mumewe hakuwa ameandikwa kazi na mtu. Akamuuliza karani, "Sasa alikufa akifanyia nani kazi?" Karani akamwomba asubiri nje. Swali hilo tunakuletea wewe, Mheshimiwa, maana huko nje amesubiri vya kutosha.

MITUNGI YA LEO

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mitungi yetu ya zamani iliyobaki hatujaijaza tena tangu Dancan afe. Jana mitungi hii mitatu iliposhushwa hapa, mwenzetu Kemboi alichukua spana akafungua nati za ubavuni. Hakuna kisahani hata kimoja. Kote kumezibwa kwa chuma na kuchomelewa, kazi safi kuliko ile yetu. Tarehe ya mwisho ya kupimwa iliyogongwa shingoni mwa mitungi ni ya mwaka 1988. Wahisani wetu, hatusemi mlijua. Tunasema hamkuangalia.

Tulipiga simu ofisini. Tukajibiwa, "Pokeeni tu kwanza, mtarekebisha baadaye. Msimwaibishe mgeni, anakuja na watu wa magazeti."

Mheshimiwa, tumekuheshimu kwa kukwambia mbele ya watu. Mitungi hii hatuipokei.

MAOMBI

Tunaomba irudishwe kwenye lori, na mtu asiijaze popote, si Kitale wala kwingine. Tunaomba sheria iseme wazi: anayetoa mtungi, anayeujaza na anayeuziba, ni nani wa kuulizwa mtu akifa? Tunaomba mpimaji mwenye kibali, hata akija mara moja kwa mwaka. Tunaomba faili ya Dancan ifunguliwe, na majina yetu yaandikwe humo. Tena tunaomba daraja la saruji, Mheshimiwa, kwa sababu asiyezama hahitaji kutolewa. Ombi hilo tumelisoma kwa watangulizi wako wote.

Jana jioni tulikwenda kwa Mama Sellah, penye moto wake ukingoni. Tuliogopa. Tulimweleza kwamba hewa imefika ila hatuwezi kuivuta, na kwamba bila mitungi huenda Dinah asionekane kabisa. Alisukuma kuni motoni. Halafu akasema, "Wacha tu. Mimi sitaki mtoto wangu atolewe na mtoto wa mtu akufe. Kama ni mgomba, nitazika mgomba."

Mama kama huyo tunamjibu kwa kuingia majini. Kulabu ziko tayari. Tukimaliza kusoma tutavua viatu, na picha atakayepiga apige hiyo.

Mungu akufikishe kwako salama, Mheshimiwa. Amrudishe Dinah kwa mama yake, naye aletwe na mikono ya watu walio hai.

Ni sisi, Wapiga Mbizi wa Nzoia.
Imesomwa kwa niaba yao na Phelista Nangila, katibu na mshika kamba.