Neno la Siri Lililopita Meza Saba

Baada ya miaka thelathini na minne, Bwana Custodio Namalima anaondoka Kituo cha Vipimo vya Maji, Mtwara, leo Jumatatu tarehe 30 Juni 2008. Anaondoka na umri wa miaka sitini, meno yake yote, na heshima ya kutoacha nyuma yake kitu chochote kisichoeleweka, isipokuwa viwili. Wasifu huu unahusu zaidi hivyo viwili.

Aliajiriwa Mei 1974 kusoma kipimo gatini. Kazi ilikuwa kutazama mti uliochorwa mistari na kuandika bahari imefika mstari wa ngapi, kila saa, Idi na Krismasi zikiwemo. Mvua za mwaka 1998 zilipoung'oa mti huo, alisoma maji kwa ngazi za gati wiki sita nzima, na ripoti zikaenda makao makuu zikisema "ngazi ya nne, unyevu hadi ya tano". Makao makuu wakauliza, kwa barua, ngazi moja ina sentimita ngapi. Alikuwa ameshazipima.

Mwaka 1999 wafadhili walituletea kompyuta, wakapiga nayo picha, wakaondoka. Ilikaa ndani ya nailoni yake miezi minane. Bwana Custodio ndiye aliyeifungua, akiwa na kitabu cha maelekezo ambacho mchwa walikuwa wamemaliza sura ya kwanza. Akaanzia ya pili. Ndiyo maana alijua kuandika programu miaka miwili kabla ya kujua namna ya kuizima mashine kwa utaratibu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kutuchanganya. Katika mapumziko yake ya mchana aliandika programu mbili: moja hukokotoa saa za maji kujaa na kupwa, nyingine hulichapa jedwali hilo liweze kubandikwa ukutani. Kisha, kwa ruhusa ya Mkuu wa wakati ule (ambaye nashuku hakusoma alichotia saini), akazitoa bure kwa dunia nzima. Kumbe kuna watu wa kujitolea, huku na huko duniani, wanaokusanya programu kama hizo katika vifurushi. Kila kifurushi kina mtunzaji wake. Yeyote anaruhusiwa kuchukua na kutumia. Mtunzaji halipwi, hulalamikiwa tu.

Wenzake tulimuuliza mara nyingi faida yake ni nini. Alikuwa na jibu moja, la watu wa uwandani ambako maji ni shida: ukichimba kisima huulizi nani atachota, unauliza nani atakisafisha ukiondoka.

Na kuondoka kumefika. Dada yake, Esperanca, amebaki peke yake ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, macho yakiwa yamepungua nguvu. Bwana Custodio anakwenda kukaa naye miaka miwili, mahali ambapo hakuna umeme, sembuse intaneti. Sheria ya wale wa kujitolea ni fupi: kifurushi kisicho na mtunzaji hadi mwisho wa Juni kinaondolewa katika toleo jipya. Kikiondolewa, hakuna wa kukirekebisha kikikosea. Na pantoni ya Kilambo, ambayo Ruvuma huiruhusu kuvuka maji yakijaa tu, hubandika jedwali hilo hilo. Alitangaza huko duniani. Alijitokeza mtu mmoja wa Finland, mkarimu sana, ambaye bahari ya kwao, kwa maelezo yake mwenyewe, haipwi wala haijai kiasi cha kuonekana.

Basi akaamua kukabidhi ofisini, kwa utaratibu aliouheshimu maisha yake yote. Bi. Modesta, Afisa Utumishi wetu, alimpa fomu ya makabidhiano. Penye "Idadi" aliandika: viwili. Penye "Mahali vilipo" aliandika: kila mahali. Penye "Hali ya kifaa": vinafanya kazi, isipokuwa vinapokosea. Fomu ilirudishwa mara mbili, na mara zote mbili mtu wa ghala, ambaye ndiye anayeandika haya, ndiye aliyeombwa namba ya rejista ya vitu asivyowahi kuviona.

Tarehe 2 Juni alitia neno la siri, lile la kufungulia vifurushi, ndani ya bahasha. Akaifunga, akaandika juu yake SIRI, akaipeleka masjala ili ihifadhiwe kwa ajili ya mrithi atakayepatikana. Hilo ndilo kosa pekee analolifahamu mwandishi katika miaka thelathini na minne. Siku hiyo karani wa masjala alikuwa likizo, na aliyemshikia nafasi alifanya kama inavyofanyiwa kila karatasi inayoingia: aliifungua, akaigonga muhuri, akaipa namba ya folio, akaipeleka kwa Mkuu.

Neno lenyewe, ambalo sasa halifungui kitu, lilikuwa hili: Esperanca kaficha korosho darini.

Mkuu wa Kituo, Bwana Emmanueli, aliandika dokezo: "Afisa Utumishi, huyu Esperanca ni mtumishi wetu? Tafadhali shauri." Bi. Modesta akajibu kwamba hayumo katika orodha, na ghala wathibitishe kuhusu korosho. Ghala likathibitisha kutopokea korosho. Rashidi wa boti akaandika kwamba boti haijabeba korosho mwaka huu. Faili lilipita meza saba kwa siku kumi, likinenepa. Fundi Josephu akaagizwa apande darini. Alikuta popo, pamoja na faili la mwaka 1983 ambalo watu wawili walishapewa karipio kwa kulipoteza.

Tarehe 12 faili lilirudi masjala, kwa Beatrice, karani mwenyewe, aliyekuwa ametoka likizo. Ni binti wa mwalimu aliyehamia hapa kutoka Bukoba, anakaa Likombe, na tangu mwaka 2005 ndiye anayeingiza vipimo vya gatini katika kompyuta. Februari mwaka huu ndiye aliyegundua kwamba jedwali limeruka tarehe 29. Alisoma madokezo yote, akaandika la mwisho: "Haya ni maneno ya siri, na yameshasomwa na watu saba. Si siri tena. Nashauri yabadilishwe leo, kabla ya kuuliza korosho ziko wapi."

Bwana Custodio alilisoma akiwa amesimama. Alibadilisha neno lile mchana ule ule, kisha akarudi masjala akavuta kiti. Alimwambia kwamba mwezi mzima ametafuta mrithi duniani, kumbe yuko nyuma ya kabati la mafaili.

Beatrice hakufurahi. Aliuliza, "Mzee, nikiharibu je?"

"Utaharibu, mwanangu. Wataandika kulalamika, utarekebisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Kila mchana tangu siku hiyo wamekaa pamoja mbele ya mashine. Ijumaa iliyopita Beatrice alituma rekebisho la Februari kwa jina lake, likapokelewa, na vifurushi vyote viwili sasa vina mtunzaji. Neno jipya la siri analijua yeye peke yake. Fomu ya makabidhiano bado iko mezani kwa Bi. Modesta ikisubiri namba ya rejista, na Mkuu bado anauliza, kwa upole, ni kitu gani hasa kimekabidhiwa.

Alhamisi hii Bwana Custodio anavuka Kilambo. Alimwomba Beatrice amchapie saa ya maji kujaa. Beatrice aliikokotoa mara nne: saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Alipompa karatasi alimwomba aikague kwanza. Mzee aliikunja bila kuisoma hesabu, akaitia mfuko wa shati.

Bwana Custodio, asante kwa kila mstari uliousoma, na kwa ngazi za gati. Msalimie Esperanca, mwambie korosho zake tulizitafuta kwa uaminifu. Maisha yako yawe mema, na Ruvuma ikukute imejaa.