Jina Nisilomuuliza

Sogeeni, wanangu, nawe Benitha ukae upande wa sikio langu zima, kwa maana mimi, Natanaeli Kabanda, niliyefundisha miaka kumi na mitatu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, leo sina pumzi ya kurudia neno.

Shamba la Juru mligawane kwenye mfereji. Rutayisire, mfereji usiusogeze, dada yako si mgeni. Baiskeli ni yako. Rejista ya darasa ni ya Benitha, aliyeifuata chaki akawa mwalimu kama mimi, na ndani yake mna deni langu.

Mwaka 2004 aliletwa msichana wa miaka tisa. Kadi ya posho ilisema Umwiza, au Kantengwa, ngojeni, nitakumbuka. Niliita jina la kadi, hakuitika. Kesho yake, kimya. Nami nilisomeshwa na Wazungu wa misioni: jina lililoandikwa ndilo jina, ukiitwa unasimama. Nikamweka nje ya mlango wiki tatu, nikasema ana kiburi. Wenzake wakamwita Bubu, sikuwakemea.

Mwalimu Kankindi akawa anachuchumaa naye pale nje, wakila mahindi ya kuchoma, haulizi kitu, mpaka siku moja mtoto mwenyewe akasema: “Ile jina ni ya dada yangu. Alikufa tulipofika. Mjomba alisema nitumie kadi yake.”

Kumbe kila asubuhi nilikuwa nikimwita marehemu, nikimwadhibu aliye hai kwa kutoitika.

Kankindi akaniambia mbele ya walimu wote, kwa Kiswahili cha kwao: “Mwalimu Kabanda, majina ya batoto unayajua yote, batoto benyewe haubajue.” Wakacheka. Tangu siku hiyo sikumsalimu. Mwambieni alikuwa na haki.

Hata sasa sielewi. Fimbo ya misioni ndiyo iliyonifanya mtu, au nilikuwa mtu kabla yake? Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyofundishwa. Mimi sikumchelea, mbona ninayelia ni mimi?

Msichana huyo sasa anashona nguo Mbarara, kule Kakiika. Nilimwendea mara moja, nikasimama nje ya mlango wake, kama alivyosimama kwangu, nikarudi bila kubisha. Benitha, nenda wewe. Mwite kwa jina lake, Umwiza... hapana. Kantengwa? Katika rejista yameandikwa yote mawili, la marehemu na la aliye hai, na moja nimelikata, sikumbuki kama nilikata kwa haki au kwa hasira. Mimi, nisiyekosea jina! Yupi yuko hai?

Rejista iache nyumbani. Chuchumaa mbele yake, umuulize: “Dada, unaitwa nani?” Kisha ungoje. Akinyamaza, ungoje. Na darasani kwako ufanye vivyo hivyo.

Nipeni maji... basi. Mungu awaite kwa majina yenu, naye asikosee kama mimi. Sasa naita. Rutayisire. Benitha... Benitha, ni wewe?

Msipoitika, sitakasirika.