Barua ya Nusu Saa

Benchi letu liko ng'ambo ya geti la kiwanda cha sare, kwenye ukuta wenye kivuli mpaka adhuhuri. Ni ubao mrefu juu ya matofali, unabeba watu wanne wakipendana na watatu wakigombana. Hapo ndipo tunaponywea kahawa: Ratiba, msimamizi wetu, aliyepata jina kwa zile karatasi anazobandika ukutani, Chelewa wa stoo, ambaye jina lake halihitaji maelezo, Waziri, fundi wa mashine, anayeongea kana kwamba nchi nzima inamsikiliza, na mimi, mtu wa pasi. Siku hiyo Ratiba alikuja na barua ya yule dada anayeshona kola, aliyerudi kazini wiki hiyo baada ya kujifungua. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa amekataa chupa katakata. Mama aliomba nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, atoke akamnyonyeshe. Akinyimwa, ataacha kazi. Jibu lilitakiwa siku ileile.

RATIBA: Nusu saa, ndugu zangu. Mara mbili kwa siku. Bandu bandu huisha gogo.

CHELEWA: Lakini kola zake ndizo pekee ambazo wateja hawarudishi. Akiondoka, tumekwisha.

RATIBA: Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Nikimpa huyu, kesho wenzake nao watataka.

MIMI: Watataka watoto?

RATIBA: Watataka nusu saa, bwana! Acha utani.

Waziri akakohoa. Waziri akikohoa, ujue baraza limefunguliwa.

WAZIRI: Sikieni. Tatizo hapa si muda, ni mtambo. Nitafunga kijitanda chini ya cherehani yake, nikiunganishe na kanyagio. Mama akishona, mtoto anabembea. Kola moja, bembea moja.

CHELEWA: Na sindano ikikatika?

WAZIRI: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Atakuwa fundi huyo.

MIMI: Mtoto ana njaa, Waziri. Hajaomba kubembezwa.

CHELEWA: Basi aletwe kwangu stoo. Nampokea, nampa namba, namweka rafu ya chini kati ya vifungo na zipu. Mama akimhitaji anajaza fomu. Jioni anarudishwa, tunafunga.

RATIBA: Stoo yako hiyo iliyopoteza marobota mawili mwezi jana?

CHELEWA: Marobota hayalii. Huyu akipotea tutamsikia.

Tulicheka mpaka ubao ukayumba. Muuza kahawa akapita na birika, akajaza vikombe kwa mara ya pili bila mtu kumwambia. Anatujua.

WAZIRI: Au tufanye hivi. Kiwanda si kinafungwa mwezi mzima kila mwaka kwa matengenezo? Watoto wote wazaliwe mwezi huo. Ratiba, unabandika ukutani, kila mmoja anaona zamu yake.

MIMI: Na nani atamweleza mtoto aliye tumboni?

WAZIRI: Ataandikiwa. Na akizaliwa akaona mama yuko kazini, neema hiyo! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu wa bure!

MIMI: Methali hiyo inaonya, ndugu yangu, haisifu.

WAZIRI: Inategemea ulimwengu gani.

Nilicheka nao, sitaficha. Lakini kicheko hakikushuka vizuri. Mke wangu aliacha kazi ya ukarani alipomzaa kifungua mimba wetu, kwa jambo hilihili, na mimi niliona ni sawa tu. Sikumuuliza hata kama alilia. Sasa naona aibu.

RATIBA: Mimi si mtu mbaya, jamani. Lakini kazi ni kazi. Kila mtu akitoka anapotaka, kiwanda kitabaki na nani?

CHELEWA: Kweli kabisa. Haraka haraka haina baraka. Mjibu wiki ijayo.

RATIBA: Wiki ijayo hayupo! Mtoto hali, mama atakaa?

Wakati huo mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni, alikuwa anaongea na mlinzi getini. Mlinzi akatikisa kichwa, akamwonyesha benchi letu. Akavuka barabara polepole. Tukamwamkia wote kwa pamoja, Chelewa akasimama kumpisha.

BIBI: Marahaba, wanangu. Nimemleta mjukuu kwa mama yake, yule wa kola. Mlinzi anasema nisubiri mpaka barua ijibiwe.

Ratiba akaisukuma barua chini ya paja lake. Bibi akamfungua mtoto, akampakata. Mtoto alikuwa anatafuna ngumi yake.

BIBI: Nyinyi mnafanya kazi humo ndani?

WAZIRI: Sote, mama.

BIBI: Afadhali. Basi nisaidieni. Mkwe wangu barua hiyo ameiandika mara tatu, mbili akazichana. Anaogopa huenda amekosa adabu mahali. Hivi nyinyi, barua yenu ya kuomba kutoka kuja kunywa kahawa, mliiandikaje? Nikamwambie aige.

Nikamtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia.

Chelewa akamtazama Ratiba, na Ratiba akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nina miaka saba kwenye benchi lile, na sijawahi kuandika hata herufi moja. Mtoto akaiacha ngumi, akaanza kulia.

RATIBA: Hivi sisi tumetoka saa ngapi?

Hakuna aliyejua.

Ratiba akaichomoa barua, akaazima kalamu kwa muuza kahawa, akaiweka barua gotini, akatia sahihi.

RATIBA: Chelewa, kule stoo kuna kiti chenye mgongo?

CHELEWA: Kipo. Ndicho ninacholalia mchana.

RATIBA: Kuanzia leo utalala wima. Tundika kitambaa mlangoni, na dada akiwa ndani ananyonyesha asiingie mtu.

Kisha akampigia mlinzi ukelele amwite dada wa kola. Dada akatoka mbio, nyuzi zimemganda mikononi. Alipotuona tumesimama wote na mama mkwe wake katikati, akasita. Nadhani alifikiri amefukuzwa. Ratiba akavuka barabara, akamkabidhi barua yake. Akaisoma, akaisoma tena.

DADA: Ahsante, msimamizi. Nirudi kwenye mashine saa ngapi?

RATIBA: Akishiba.

Bibi akavuka na mtoto. Dada akampokea mtoto kwa bibi yake, wakaingia getini. Sisi tukamrudishia muuza kahawa vikombe, changu kikiwa bado nusu, tukawafuata.