Mama Sylvie Kaswera, Mwenye Nyumba ya Kamari ya Kasese, na Ubao Wake wa Picha

Baba Padri, katekista wetu, wazee wa Karambi, ndugu mliovuka mpaka kutoka Butembo na Beni, majirani wa Kasese, Wakristo na Waislamu, maisha ya dada yetu yameandikwa na familia na yanasomwa na mdogo wake, Ephraïm, ambaye humu ndani ametajwa kwa jina kama wengine, maana karatasi ya namna hii haina mahali pa kusema mimi, na pia ni kwa sababu kuna mambo anayoona aibu kuyasoma, lakini atayasoma.

Sylvie Kaswera alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Anselme, mnunuzi wa kahawa, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule ule. Alianza shule ya masista mwaka 1968, akamaliza msingi mwaka 1974, akasoma sekondari miaka miwili tu, baba akafariki, karo ikakosekana, akaacha shule ili wadogo zake wasome, akiwemo Ephraïm, ambaye alisoma kidogo na akafaidi kidogo, lakini kosa halikuwa la dada.

Mwaka 1979 alipata kazi Beni kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na klabu ya karata, akaanza jikoni, akahamia kwenye kaunta, mwishowe akasimama mezani kugawa karata, na watu walisema mikono yake ilikuwa myepesi kuliko macho yao, ingawa hakuna aliyewahi kumkamata akiiba. Mgiriki alipofunga klabu mwaka 1986 ili arudi kwao, alimwachia gurudumu la mbao, lile lenye namba nyekundu na nyeusi, badala ya mshahara wa miezi ya mwisho, naye akalifunga kwa vitenge viwili akavuka nalo Mpondwe kuja Bwera. Afande wa mpakani alilifungua, akalizungusha, mpira ukasimama kwenye saba nyekundu, akacheka akamwambia, "Pita mama, leo umeniletea bahati," na dada alikuwa akisema kwamba huyo ndiye mteja wake wa kwanza Uganda na hakumlipa kitu.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa takatifu hapo Bwera na Thembo Caleb, dereva wa watalii waliokuja kupanda mlima, mtu mpole wa Karambi hii tulipokaa leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ruben mwaka 1988 na Ithungu mwaka 1991, na miaka ile yote gurudumu lilikaa chini ya kitanda, dada akauza sabuni na vitenge sokoni, hadi walipohamia Kasese mwaka 1994.

Nyumba ya kamari, ambayo kibao chake kilisomeka Nyota ya Mlima lakini ninyi nyote mliiita Kwa Mama Sylvie, ilifunguliwa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1998, karibu na reli ya zamani, katika stoo aliyoipanga kwa mzee Zubairi, mwenye malori. Ilikuwa miaka ya vita vya milimani, watalii hawakuja, waliocheza ni wanajeshi na wafanyabiashara wa samaki, lakini amani iliporudi walikuja Wazungu wenye viatu vya matope, wakishuka mlimani wamechoka na kucha zimewatoka, wakataka kulizungusha lile gurudumu kabla ya kupanda basi, na mtu akikuuliza njia Kasese ulimwambia ukifika Kwa Mama Sylvie pinda kushoto. Familia haiji hapa kusema kamari ni kazi safi, maana si safi, na dada mwenyewe alikaa benchi la mwisho kanisani miaka ishirini na sita, alifunga nyumba Ijumaa zote za Kwaresima, na hakupokea Komunyo mpaka alipougua.

Lakini nyumba ile ilikuwa na ubao nyuma ya mlango, na wengi wenu mnaufahamu kwa sababu sura zenu zimekaa pale. Ulianza mwezi wa tatu wa 1999, Hajara, mke wa mzee Zubairi, alipoingia mchana na picha ya pasipoti ya mumewe, akaisimamisha mbele ya dada akasema, "Mama Sylvie, huyu mutu hata akikuja na lori lake lote, musimupatie kiti." Dada akampa pini, Hajara akaibandika ubaoni kwa mkono wake. Zubairi alipokuja akakuta uso wake ukimtazama, akafoka kwamba nyumba ni yake, kuta ni zake, na dada akamjibu taratibu, "Kuta iko yako, baba, lakini picha iko ya bibi yako, rudi kwenu, chakula itapoa." Watu walicheka wiki nzima, mzee naye akacheka mwisho, na leo yuko hapa na Hajara wake, tunawashukuru. Kuanzia hapo kila mke aliyechoka alileta picha, na sheria ya ubao ilikuwa moja, aliyebandika ndiye pekee mwenye ruhusa ya kubandua. Mto Nyamwamba ulipoingia ndani mwezi wa tano 2013, gurudumu lilielea likapatikana kwenye mihogo ya jirani, lakini kitu alichokimbia nacho dada kilikuwa ubao, akazikausha picha moja moja kwa pasi ya makaa, akisema, "Sijawahi kudanganya muke wa mutu."

Sasa hapa ndipo pa aibu. Mwaka 2016 Marlène, mke wa Ephraïm, alibandika picha ya mumewe, na alikuwa na haki, maana Ephraïm alikuwa na kipande cha shamba cha kukodi kule Mubuku, mpunga mzuri, na akili yake haikuwa shambani. Ephraïm ndiye aliyekuwa akifagia nyumba Jumapili dada akiwa misani, na Jumapili tarehe 20 Agosti 2017, wakati dada amepiga magoti kanisani, yeye aliibandua picha yake, akaiweka katika kitabu cha sala, ndiyo, cha sala, na Jumatano akaja akakaa mezani. Dada alitazama ubao, akatazama mdogo wake, hakuona picha, akaamini Marlène amemsamehe mumewe, akampa karata. Kabla ya Noeli kipande cha Mubuku kilikuwa cha mtu mwingine.

Marlène alikuja akauliza, "Picha niliweka mie, nani aliitoa?" Dada, ambaye heshima yake yote ilikuwa ule ubao, alikasirika mno, akajibu mbele ya wateja, "Uliitoa mwenyewe, wifi, halafu unakuja kunichafulia jina," na Marlène akasema, "Basi na ubao wako unadanganya kama gurudumu." Wawili hao, waliokuwa wakisukana nywele kila Jumamosi, hawakusalimiana miaka saba, hata kwenye mazishi ya mama yetu mwaka 2019 walikaa kila mmoja upande wake, na Ephraïm alikaa katikati, akajua, akanyamaza, akala wali.

Caleb alikuwa ametangulia mwaka 2009 kwa ajali ya gari barabara ya Kinyamaseke. Korona ilifunga nyumba mwaka 2020, ikafunguliwa tena ikiwa na meza mbili, vijana wakawa wanacheza kwenye simu zao, na hakuna mke anayeweza kubandika picha ndani ya simu. Mwaka 2023 dada alipata shinikizo la damu, kisha figo, na Novemba 2024 aliifunga Nyota ya Mlima kabisa, akaungama, akapokea Komunyo, akalia.

Jumatatu iliyopita, tarehe 10 Februari 2025, aliagiza ubao uletwe hospitalini, wake waitwe, kila mmoja achukue picha yake kwa mkono wake. Ephraïm aliubeba kwa bodaboda. Walikuja wengine wamekuwa wajane, Hajara alikuja wa kwanza, picha thelathini na nane zikatoka, na pini zikabaki. Dada alizihesabu pini kwa kidole, akafika thelathini na tisa, akamuuliza mdogo wake, "Hii ya mwisho, iko ya Marlène? Kweli aliitoa yeye?" Ephraïm akajibu ndiyo. Dada akafumba macho akasema, "Basi sikumukosea." Alifariki Alhamisi tarehe 13 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na uongo ule alikwenda nao, na si wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, padri aliyempaka mafuta ya wagonjwa, jumuiya iliyokesha ikisali ingawa wengine walimkwepa zamani, majirani wa reli waliotoa turubai na sufuria, wafanyakazi wote wa Nyota ya Mlima, na mzee Zubairi kwa lori lililomleta hadi Karambi bila kuomba hata mafuta.

Wa mwisho kushukuriwa ni Marlène, aliyekaa pale karibu na sufuria, aliyekuja kupika ingawa hakuna aliyemwita. Wifi yako hakubandua, wala wewe hukubandua. Ubao tumeuweka hapo kando ya jeneza, na picha ya Ephraïm imerudi kwenye pini yake tangu asubuhi, na sheria mnaijua, hakuna mwingine wa kuitoa ila Marlène, akitaka aitoe leo, akitaka ikae.

Dada Kaswera, ubao wako haukudanganya mke wa mtu. Pumzika kwa amani.