Mwana wa Redioni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwauguza wagonjwa wa akili hapa Malindi, Bi. Nasiba Badi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025. Wodi itapoa. Bi. Nasiba akikuta kabati la dawa wazi, hata daktari mkuu hutafuta pa kujificha.

Lakini tukimuaga bila kutaja habari ya redio, tutakuwa tumemdhulumu. Mwaka 2016 mgonjwa mmoja alitoroka. Kabla wauguzi hawajafika langoni, Tsuma, mtangazaji wa Redio Kaskazi, alikuwa hewani akionya kwamba kichaa hatari yuko mtaani Kisumu Ndogo. Simu zikamiminika, vijana walikuwa washashika marungu. Bi. Nasiba alirukia bodaboda na sare yake, akaingia studio bila hodi na kumpokonya Tsuma kipaza sauti.

Wenzake wodini walisikiliza roho mkononi. Akitaja jina la mgonjwa, avunja kiapo cha kazi. Akinyamaza, mtu auawa. Akasema yule ni mwanawe, jamani, hana ubaya na mtu. Wamweke kivulini, wampe maji, yeye yuwaja kumchukua. Marungu yakashushwa.

Sasa, Bi. Nasiba humwita kila mgonjwa mwanangu. Mji ulisikia mwana wa kumzaa! Pole za sokoni zilichekesha, hadi posa ya bintiye Sahla ilipovunjwa, eti ukoo una wazimu. Tsuma alikuja kuomba radhi, akampa nafasi ya kukanusha hewani. Akakataa katakata: akikanusha, watu watauliza yule basi ni mwana wa nani. Badala yake alimwita Tsuma na wenzake wodini wajifunze, na tangu hapo anayethubutu kusoma neno kichaa kwenye taarifa hupigiwa simu kabla matangazo ya biashara hayajaisha.

Sahla aliolewa baadaye, alhamdulillahi, na mtu mwenye akili zake. Ila minong'ono haikukoma. Juzi tu mwana wa pekee wa kiume wa Bi. Nasiba, Umair, aliulizwa kazini kama amemeza dawa zake. Inauma.

Basi imetosha. Umair hajaugua hata siku moja. Aliyepewa maji Kisumu Ndogo ni mimi, Mwaringa, karani wa wodi hii. Sikutumwa kuandika haya, wala Bi. Nasiba hajui kwamba Tsuma atayasoma hewani Ijumaa, kwa ridhaa yangu.

Ahsante, mama. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Wakikuuliza mwana ni yupi, nitaje.